RAV4 ya Mwalimu na Mafundi Wake Wawili

Fundi hafungui boneti kwanza. Anaanza na matairi, na kifaa anachokishika ni futi ya kamba, ile ya fundi cherehani, ambayo namba zake za mwanzo zimefifia kwa kushikwashikwa. Kijana wake anainua gurudumu kwa jeki mpaka liache ardhi, naye anaizungusha futi juu ya kashata, katikati kabisa ya tairi, anaivuta mpaka isilegee popote, anabana kwa kidole gumba na kusoma. Anataja namba. Kijana anaiandika kwenye kaunta buku, chini ya mstari wenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Wanahamia tairi la pili, la tatu, la nne, kisha wanarudi kwenye la kwanza na kulipima upya.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4 ya milango mitano, ya kizazi kile cha kwanza kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1994 na kumaliza zamu yake mwaka 2000. Madalali wameshahamia kwenye Kilitime na Miss Tanzania, yaani RAV4 za vizazi vilivyofuata, lakini hii bado inafanya kazi kila siku. Ina gia tano za mkono, na magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, kwenye lami na kwenye tope. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari mjini Iringa ambaye kwao ni Rungwe, kwa hiyo kila likizo gari linapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala mpaka Uyole, zaidi ya kilomita 300, kisha linakata kushoto kuelekea Tukuyu. Gereji iko Mbeya mjini, uani kwenye nyumba moja upande wa Soweto, na mlima Loleza unaonekana juu ya ukuta. Haina kibao. Wateja wanaelekezana wenyewe.

Sababu ya kuanza na matairi iko katikati ya gari. Kwenye RAV4 hii nguvu ya injini inafika kwanza kwenye senta difu, iliyofungwa pamoja na gia boksi, na hapo inagawanywa nusu kwa nusu: nusu kwa magurudumu ya mbele, nusu kwa propela shafti inayokwenda nyuma. Difu hiyo imewekwa ili mbele na nyuma viweze kupishana mwendo kidogo gari linapokata kona. Kwenye barabara iliyonyooka inapumzika. Sasa chukua gari hili, ambalo tairi lake ni 215/70R16, ulifunge hayo mbele, na nyuma uweke 215/65R16 kwa sababu ndiyo yaliyopatikana kwa bei nafuu. Mzingo wa tairi la mbele ni kama sentimita 222, wa nyuma kama 215. Tofauti ni sentimita saba tu, lakini kati ya Iringa na Mbeya matairi madogo yatakuwa yamezunguka zaidi ya mara 4,000 kupita makubwa, na kila mzunguko huo wa ziada unalipwa na vijino vya senta difu, ambavyo vimenyimwa mapumziko yao yote.

Ndiyo maana fundi hakubali tofauti inayozidi sentimita moja. Matairi matatu ya mwalimu yanakaribiana. La nne ni jipya, lilinunuliwa njiani baada ya pancha isiyozibika, nalo limezidi. Fundi anamwita mwenye gari.

"Mwalimu, hili jipya tulifanye spea. Ile spea yako tuishushe, imechakaa sawa na wenzake."

"Si hasara, fundi? Jipya likae bila kazi?"

"Hasara ni difu, mwalimu."

Kwenye kaunta buku anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba tairi jipya lisishuke mpaka lipate wenzake watatu. Spea inashushwa, inapimwa, inafungwa.

Injini bado ina joto la safari, na joto hilo analihitaji kwa kazi inayofuata. Anatoa plagi zote nne na kuzipanga kwenye kitambaa safi kwa utaratibu wa silinda, ya kwanza kushoto, ya nne kulia. Hazichanganyi. Anazishika moja moja juani, anatazama rangi ya ncha, anapima mwanya, ambao kwenye injini hii unatakiwa kuwa milimita 1.1. Zote zina kahawia isiyokolea. Ananyamaza, na ukimya huo kijana ameshajifunza kuusoma: silinda zinaunguza vizuri.

Injini ni 3S-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,998. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, na mwendo wa pistoni ni milimita 86 vilevile. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini. Toyota waliifunga kwenye magari mengi, na hapa kwetu tumeizoea zaidi kwenye Noah na Ipsum, ndiyo maana spea zake si tabu Mwanjelwa. Kisichopatikana huko kinaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, na kuletwa kwa basi. Kwa mwenye gari kuukuu hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wowote wa umbo.

Anafunga kipimo cha kompresheni kwenye tundu la plagi ya kwanza. Kijana anaingia ndani, anakanyaga mafuta mpaka mwisho na kuzungusha starta. Mshale unapanda kwa hatua: ya kwanza ndefu, inayofuata fupi, mpaka unatulia. Fundi anasubiri utulie kabisa. Anarudia kwa silinda zote, na namba zote zinaangukia karibu na 145 psi, zikipishana kidogo sana. Kitabu cha injini hii kinataka kama 178. Mahali pengine namba hizi zingemtoa mteja jasho, na fundi mwenye haraka angeshaanza kuzungumza habari za kubadilisha ringi za pistoni. Huyu anaangalia mlima. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni karibu sehemu nne kwa tano ya ule wa Dar es Salaam. Silinda inayovuta hewa nyepesi haiwezi kubana kufikia namba ya pwani. Ukichukua 178 na kuipunguza kwa kiasi hicho, unaipata 145. Kwa hesabu hiyohiyo, zile nguvu za farasi 135 zilizoandikwa Japani zinabaki kama 110 hapa, na hakuna spana ya kuzirudisha.

"Injini nzima, mwalimu," anasema. "Hewa ndiyo pungufu."

Oili inamwagwa wakati ingali ya moto, na mfuniko wa juu unafunguliwa ili ishuke bila kusitasita. Wengi wangesubiri dakika kumi wakafunga. Hapa nati inaachwa wazi usiku kucha na beseni chini. Filta ya zamani haitupwi. Fundi anaikata kwa msumeno wa chuma, anatoa karatasi ya ndani, anaikunjua mkunjo kwa mkunjo kwenye mwanga kama mtu anayesoma barua ndefu, akitafuta vumbi la chuma. Haoni kitu. Jua limezama nyuma ya vilima vya Mbalizi, baridi inaingia, na kazi ya siku inaishia hapo kwa makusudi, kwa sababu kazi ya kesho inataka injini iliyopoa kabisa.

Asubuhi anafungua mfuniko wa vali. Kamshafti mbili zinaonekana, zimelowa oili nyembamba. Chini ya kila kilele cha kamshafti kuna kikombe cha kusukuma vali, na juu ya kikombe kuna kisahani cha chuma kigumu, shimu. Mwanya kati ya kilele na shimu ndio anaoutafuta: milimita 0.19 mpaka 0.29 kwa vali za kuingiza hewa, 0.28 mpaka 0.38 kwa vali za kutoa moshi. Anatumia fila geji, vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Anaingiza kibamba kimoja, anakivuta polepole. Kikipita bila kugusa, anachukua kinene zaidi. Kikigoma, anarudi nyuma. Anachokitaka ni kile kinachopita kwa kukwaruza kidogo, na kukwaruza huko hakuonekani kwa macho, ni vidole tu vinavyojua. Vali ziko 16. Hakuna hata moja anayoikadiria kwa kuangalia jirani yake.

Moja ya vali za moshi inasoma 0.22. Imebana. Ingeachwa hivyo, ingefika siku isikae sawasawa kwenye kiti chake, iungue ukingo. Anakikandamiza kikombe kwa kifaa chake maalumu, anatoa shimu kwa ncha ya bisibisi nyembamba na sumaku, anaifuta na kuipima kwa mikromita: 2.80. Sasa linatolewa kopo la maziwa lililojaa shimu kuukuu, zilizokusanywa kwa miaka mingi kutoka kwenye injini za Noah zilizokufa. Anazipima moja baada ya nyingine, akirudisha zisizofaa kwenye kifuniko, mpaka anaipata ya 2.70. Anaiweka, anazungusha injini kwa mkono, anarudisha kibamba. Inasoma 0.32. Kazi hiyo ya tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita imekula asubuhi nzima, na sidhani kuna mteja ambaye angegundua kama isingefanywa. Fundi angejua.

Kisha unakuja mkanda wa taiming. Gurudumu la mbele kulia linatolewa. Mikanda ya jenereta na ya pampu ya stelingi inalegezwa na kutolewa. Kipande cha mbao kinawekwa juu ya jeki, jeki inapandishwa mpaka iguse sampu, na sasa maundingi ya kulia inaweza kufunguliwa bila injini kulala. Kabla ya kugusa pulei kubwa, fundi anaizungusha karanki mpaka mkato wa pulei usimame kwenye sifuri. Anapanda juu na kutazama pulei ya kamshafti: tundu dogo lazima likae mkabala na alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi. Limekaa. Anatia nukta za rangi ya kucha, nyeupe, kwenye kila alama, juu na chini, na kusubiri zikauke.

Mkanda wa zamani unatoka. Anaukunja kinyumenyume na kutazama mizizi ya meno yake. Kuna nyufa ndogo kama za nywele. Hautupi mpaka kazi iishe, maana ameuwekea rangi pia, na meno kati ya nukta na nukta yatahesabiwa ili yalinganishwe na ya mkanda mpya. Halafu anazungusha kila pulei ndogo kwa kidole huku sikio limeinamia karibu. Beringi nzuri haisemi kitu. Moja inatoa mvumo mkavu, nayo inawekwa kando kubadilishwa. Mkanda huu unazungusha pia wata pampu na pampu ya oili, kwa hiyo wakati kila kitu kiko wazi anabadilisha wata pampu na sili zote za mbele. Sili ya karanki anaipaka oili mdomoni, anaiweka kwa vidole, kisha anaisukuma kwa soketi pana na nyundo ndogo, pigo jepesi juu, pigo jepesi chini, kushoto, kulia, mpaka iingie ikiwa imenyooka.

Mkanda mpya unavalishwa ukianzia chini, upande unaovuta ukiwa umekazwa, na kikaza mkanda chenye springi kinaachiwa ili kibane chenyewe. Hapa mafundi wengi hufunga. Yeye anachukua spana ndefu na kuzungusha karanki kwa mkono, kuelekea kulia, mizunguko miwili kamili, bila haraka, akisikiliza. Anasimamisha mkato kwenye sifuri na kupanda kutazama juu. Machoni pangu nukta zilikuwa zimelingana. Kijana naye alisema ziko sawa. Fundi aliinama mpaka jicho lake likawa usawa wa pulei, akatazama kwa muda, akasema: "Jino moja nyuma."

Akautoa mkanda wote, akaanza upya. Jino moja lisingeizuia injini kuwaka. Ingewaka, ingenguruma vizuri uani, na mwalimu angeanza kushangaa mwenyewe akipanda kutoka Chimala kwa nini gari limekuwa zito na mafuta yanakwisha. Mara ya pili alizungusha tena mizunguko miwili, akatazama, akazungusha mingine miwili, akatazama. Kisha akakaza kwa spana ya kupimia nguvu, na kilomita za siku hiyo zikaandikwa kwenye kaunta buku na kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa juu ya kifuniko cha mkanda. Kwenye injini hii mkanda ukikatika vali na pistoni havigongani. Gari linazima tu. Lakini aliyewahi kukwama katikati ya mlima Kitonga, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, malori yamepanga mstari nyuma yake, hawezi kuona kuzima huko kuwa ni jambo dogo.

Mfumo wa kupoza injini ulinifundisha mengi kuliko nilivyotegemea. Fundi mmoja wa njiani alikuwa ameondoa thermostati ya gari hili, kwa imani iliyoenea kwamba inaleta joto. Mwalimu alishaona kwamba mshale wa joto haupandi, akafurahi. Fundi wetu hakufurahi. Mwezi wa Juni na Julai, Mbeya ina baridi ya kweli, na injini isiyo na thermostati inasafiri ikiwa baridi muda wote. Kompyuta yake inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Anatoa thermostati mpya kwenye boksi lakini haifungi. Anaiweka kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, na kipimajoto pembeni kimeninginizwa kwa waya ili kisiguse chuma. Inatakiwa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kwenye 82 mdomo unaachia upenyo mwembamba. Kitabu kinasema inafunguka kikamilifu kwenye nyuzi 95, lakini hapa hilo haliwezi kuonekana kwenye sufuria: kwa kimo cha Mbeya maji yanachemka kwenye kama nyuzi 94 na hayapandi zaidi. Fundi anajua. Anatazama upenyo ulipofika maji yalipochemka, anaona umekaribia kumalizika, anaitoa kwa koleo.

Maji kuchemka mapema ndiyo sababu pia anaupima mfuniko wa rejeta kwa pampu ya mkono. Mfuniko mzima unabana mpaka karibu 0.9 bar, na kwa mbano huo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mfuniko uliochoka hauzuii kitu. Feni ya gari hili inawaka maji yakifika kama nyuzi 93; bila mfuniko mzima, kwa Mbeya, feni inaanza kazi wakati maji nayo yanakaribia kutokota. Watu wanafungua hedi, wanabadilisha gasketi, wanauza magari, kwa sababu ya mfuniko wa bei ya mchana wa ugali na samaki. Huu wa mwalimu unashika 0.9 na kubaki hapo. Unarudishwa. Kulanti inajazwa taratibu, injini ikinguruma na hita ikiwa wazi, mpaka mapovu ya mwisho yatoke.

Oili mpya ni kama lita nne. Mwalimu alizoea namba 40, nzito, kama wanavyotumia wengi. Fundi anamshauri 10W-40, kwa sababu asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kupanda hadi kwenye zile kamshafti alizozipimia mianya, na uchakavu mwingi wa injini unatokea kwenye dakika hizo za kwanza. Anamimina, anasubiri, anachomoa kijiti, anafuta, anarudisha, anasoma.

Kazi ya chini ya gari haifanyiki Mbeya. Inafanyika Iringa, Ipogolo, kwa fundi binti aliyesoma ufundi VETA, akaja kwenye ua ule wa Soweto kufanya mazoezi, akabaki miaka kadhaa. Ana shimo la kushukia lililojengewa kwa saruji, na taa nzuri. Mwalimu anamsalimu "Kamwene", naye anaitikia huku akinyoosha mkono kupokea kaunta buku. Ananawa kwanza. Anasoma kurasa za Mbeya akiwa amesimama, anarudi nyuma kulinganisha na za mwaka uliopita, anauliza swali moja tu kuhusu lile tairi jipya.

Gari linapandishwa kwenye stendi nne. Anaanza na raba za sivi jointi za mbele. Hatosheki kuzitazama, anazishika kwa mikono miwili na kufungua kila mkunjo, kwa sababu ufa unaanzia ndani ya mkunjo ambako jicho halifiki. Gari hili linapita barabara ya vumbi ya Tungamalenga na tope jekundu la Mufindi, na chembe za mchanga zikiingia kwenye gresi zinasaga chuma kimyakimya. Raba ya kulia ina ufa unaoanza, haujatoboka. Anaichomoa shafti, anaosha jointi kwa petroli mpaka vigololi vionekane vinang'aa, anavikagua kimoja kimoja, anajaza gresi nyeusi mpya, anavalisha raba nyingine na kukaza klipu zake.

Halafu anapima senta difu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Injini imezimwa, gia ya kwanza imeingizwa, magurudumu yote yako hewani. Anashuka shimoni, anaishika propela shafti kwa mikono na kuizungusha taratibu. Magurudumu ya mbele yanaanza kuzunguka kinyume chake. Ndivyo difu iliyo huru inavyofanya: pembejeo ikiwa imeshikwa na gia, upande mmoja ukienda mbele, mwingine unarudi nyuma. Anasikiliza kama kuna mkwaruzo. Anapapasa kama kuna mruko. Kisha injini inawashwa, kitufe cha kufunga senta difu kwenye dashibodi kinabonyezwa, taa yake inawaka, injini inazimwa na switchi inaachwa wazi. Anaishika tena propela. Sasa haikubali kusogea hata kidogo. Kufuli linashika. Anamkumbusha mwalimu jambo ambalo nadhani amemwambia kila mwaka: kitufe hicho ni cha tope na mchanga, na ukirudi kwenye lami unakifungua kabla ya kona ya kwanza.

Difu la nyuma lina oili isiyofika lita moja, na kwa kuwa ni kidogo, ndiyo inayosahaulika. Anafungua kwanza nati ya kujazia, ya juu, kabla hajagusa ya chini. Akianza na ya chini, na ya juu ikagoma kwa kutu, gari litabaki halina oili na halina pa kuitia. Oili ya zamani anaikinga kwenye bakuli jeupe na kupitisha sumaku ndani yake. Sumaku inatoka na utando wa kijivu, laini kama unga, bila kipande. Hiyo ni hali ya kawaida ya chuma kinachosuguana na chuma. Oili mpya anaisukuma kwa bomba mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, anaiacha ichuruzike mpaka ikome yenyewe, anafunga.

Breki anazifanya na msaidizi. Mbele ni diski, nyuma ni ngoma. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishalowa yanachemka kwa joto dogo. Mahali pa kuligundua hilo ni kuteremka Kitonga, pedali inapozama. Wanayatoa yote. Msaidizi yuko kwenye kiti, yeye yuko kwenye gurudumu la mbali. "Bana." Anafungua, mafuta meusi yanatoka kwenye mrija. Anafunga. "Achia." Sauti hizo mbili zinarudiwa mpaka mrija uonyeshe mafuta meupe yasiyo na povu, kisha wanahamia gurudumu linalofuata. Hakuna aliyeongeza neno.

Gari linashushwa, na nati za magurudumu zinakazwa kwa kuvuka, moja hapa, nyingine mkabala nayo, mpaka spana ilie kwenye nyutonimita 103. Kwenye uwanja wa vumbi anakata duara dogo, stelingi ikiwa imepindwa mpaka mwisho. Magurudumu yanaviringika bila kugoma wala kurukaruka. Anapanda kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini, gia ya tatu kisha ya pili, vioo vikiwa chini ili asikie, anarudi, anaegesha, anatazama chini ya gari kama kuna tone. Hakuna. Anaandika.

Nimeona gereji nyingi katika nyanda hizi, na nasema bila kusita kwamba hawa wawili ni mafundi wa daraja la juu kabisa, ingawa vifaa vyao vyote vinaenea kwenye meza moja. Nawaomba wakuu wa vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa, mnapopanga vijana kwa mafunzo ya vitendo, ulizeni ni gereji ipi yenye fila geji, futi na daftari, mkawapeleke huko. Na wewe mwenye RAV4, Noah au Ipsum yenye injini hii: mkanda wa taiming unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui wako ulifungwa lini, hesabu kwamba muda wake umekwisha.